Kijiji Kilichokaa Juu ya Apollo

Tafuta Delphi kwenye simu yako sasa hivi. Utaletewa picha ileile mara mia: nguzo 6 za hekalu la Apollo, miamba ya mlima Parnassus nyuma yake, mbingu ya buluu, na pengine mtalii mmoja mwenye kofia pana. Ni pazuri, sikatai. Pametulia kama mahali ambapo watu waliondoka zamani sana na hakuna aliyewahi kurudi.

Lakini mpaka mwaka 1892 hapo palikuwa na kijiji. Kiliitwa Kastri. Kilikuwa na nyumba za mawe, vichochoro, punda, kuku, watoto wa kutumwa dukani na wazee wa kukaa kivulini. Nyumba hizo hazikuwa kando ya magofu. Zilikaa juu yake kabisa. Mtu alilala juu ya hekalu, akaamka, akachota maji kwenye chemchemi ileile waliyonawia mahujaji wa kale, na maisha yakaendelea. Ule utulivu wa kwenye picha ulitengenezwa, bana. Ulitengenezwa kwa mkataba wa nchi mbili, pesa nyingi, reli ndogo na askari.

Nimekuwa nikisoma habari za uchimbaji huo kwa muda mrefu sasa, na kila nikirudi kwake nakuta kitu kimoja: walioenda kutafuta nyumba ya mungu walirudi na majina ya watumwa. Hilo sikulisikia darasani.

Hebu kwanza tuwekane sawa kuhusu mahali penyewe. Delphi iko Ugiriki ya kati, kwenye mteremko mkali unaotazama bonde la mizeituni na ghuba ya Korintho. Wagiriki wa kale waliamini hapo mungu Apollo alizungumza. Kazi ya kumsemea ilikuwa ya mwanamke mmoja, Pythia, aliyeketi ndani ya hekalu kwenye kiti cha miguu mitatu na kujibu maswali. Watu binafsi waliuliza mambo ya kawaida ya binadamu: nioe, nisafiri, nitapata mtoto? Miji iliuliza kuhusu vita na kuhusu kuanzisha makazi mapya ng'ambo. Pythia hakufanya kazi kila siku. Ilikuwa siku moja ya mwezi, na miezi 3 ya baridi Apollo alisemekana kuwa safarini. Kwa hivyo foleni ilikuwa ndefu, na kama kila foleni ndefu duniani, kulikuwa na njia ya kuipita. Watu wa kisiwa cha Chios walijenga madhabahu mbele ya hekalu wakapewa haki ya kuhudumiwa mapema, kisha haki hiyo ikachongwa kwenye jiwe la madhabahu hiyohiyo ili kila aliye nyuma aisome akisubiri.

Barabara ya kupanda kwenda hekaluni ilipangwa majengo madogo mazuri yaitwayo nyumba za hazina. Kila mji uliojiona ulijenga lake na kuweka humo zawadi za mungu. Ukitaka kujua ni majengo ya namna gani, fikiria benki iliyozaa na mnara wa ukumbusho. Kisiwa kidogo cha Siphnos, kilichokuwa kimetajirika kwa machimbo ya dhahabu na fedha, kilijenga lake la marumaru karibu mwaka 525 KK na kulizungushia michongo ya miungu wakipigana. Athens ilijenga lake pia. Ilikuwa ni sadaka, lakini ilikuwa ni majigambo vilevile. Mlikuja kumwomba Apollo, na mkiwa njiani mnapita mbele ya mali za majirani zenu.

Mwishoni mwa karne ya 4 BK watawala wa Kikristo wa Roma walipiga marufuku ibada za kale, na Apollo akanyamaza. Watu hawakuondoka. Wakristo waliishi palepale kwa vizazi kadhaa, wakajenga majumba na makanisa kati ya mahekalu. Baadaye mji ule ukafa, udongo na mawe ya mlimani yakaufunika, na karne nyingi mbele wakulima na wafugaji wakajenga Kastri. Hawakuhitaji kuchonga mawe. Yalikuwepo tayari, mraba, laini, mengine yana maandishi. Ukuta wa zizi ungeweza kuwa na amri ya mji wa kale katikati yake, na mbuzi hajali.

Wasomi wa Ulaya ndio waliojali. Mwitaliano Cyriacus wa Ancona alipita hapo mwaka 1436 akinakili maandishi. Karne ya 19 wakaja wengi zaidi, wakisoma kuta za nyumba za watu. Anayenigusa zaidi kati yao ni Mjerumani Karl Otfried Müller. Alifika Julai 1840, akafukua sehemu ya ukuta mkubwa uliokuwa ukishikilia uwanja wa hekalu, akaanza kunakili maandishi yaliyojaa juu yake. Alifanya kazi hiyo juani, siku baada ya siku, jua la kiangazi cha Ugiriki. Alianguka, akapelekwa Athens akiwa hajitambui, na tarehe 1 Agosti akafa. Alikuwa na miaka 42. Wamemzika Athens, kwenye kilima cha Kolonos. Kuhusu ule ukuta nitasema zaidi. Kwa sasa kumbuka tu kwamba uliua mtu kabla haujaanza kusomwa vizuri.

Miaka 20 baadaye Wafaransa wawili, Carl Wescher na Paul Foucart, waliendelea palepale alipoachia, na mwaka 1863 wakachapisha maandishi zaidi ya 400. Sasa kila mtu alijua kwamba chini ya Kastri kuna Delphi nzima. Shida ilikuwa Kastri.

Mwaka 1870 tetemeko la ardhi lilipiga eneo lile. Miamba ilibingirika kutoka mlimani ikaangukia nyumba, watu wakafa. Tangu hapo wazo la kukihamisha kijiji lilipata nguvu, na naona ni haki kusema kwamba halikuwa wazo la wasomi tu. Kuishi chini ya miamba ile kulikuwa na hatari yake. Lakini kuhamisha kijiji kunahitaji pesa, na serikali ya Ugiriki haikuwa nazo.

Ufaransa ilikuwa nazo. Shule yake ya akiolojia ilikuwa Athens tangu 1846, na Wafaransa walikuwa na kidonda cha moyo: Wajerumani, waliowashinda vitani 1870 hadi 1871, walikuwa wakichimba Olympia tangu 1875 na kusifiwa dunia nzima. Delphi ingekuwa jibu. Mazungumzo yakaanza mapema miaka ya 1880, na hapa historia ya mambo makubwa ikashikwa mguu na zabibu kavu. Mdudu aliyekula mizizi ya mizabibu alikuwa amemaliza mashamba ya Ufaransa, kwa hivyo Wafaransa walinunua zabibu kavu za Ugiriki kutengenezea divai. Wagiriki walitaka ushuru wa zabibu hizo upunguzwe. Ndiyo, Apollo akaingizwa kwenye mazungumzo ya ushuru. Tupunguzieni, tuwape Delphi. Mambo yakakwama, yakaanza tena, yakakwama tena. Wamarekani nao wakasikia, wakaanza kuchangisha pesa za kuichukua nafasi hiyo wao.

Mwaka 1891 mkataba ukapita. Bunge la Ufaransa liliidhinisha faranga 500,000. Wafaransa wangechimba kwa miaka 10. Kila kitakachopatikana kingebaki Ugiriki. Wao wangekuwa wa kwanza kukichapisha. Kwa zama zile huo ulikuwa mkataba wa heshima, ukilinganisha na jinsi sanamu za Parthenon zilivyoondoka Athens mwanzoni mwa karne hiyohiyo na bado ziko London. Wagiriki walikuwa wamejifunza. Lakini soma mkataba wowote wa aina hii na uulize ni nani aliyekaa mezani. Athens ilikaa. Paris ilikaa. Kastri ilikuwa ndicho kitu kilichokuwa juu ya meza.

Mkurugenzi wa uchimbaji, Théophile Homolle, alianza kazi Oktoba 1892. Wanakijiji waliwazuia wafanyakazi wake, manake fidia yenyewe ilikuwa haijawafikia mikononi. Serikali ikaleta askari, na kazi ikaanza chini ya ulinzi.

Mkenya akisikia neno fidia na neno askari katika habari moja, hahitaji mtu wa kumtafsiria. Tunajua bomoabomoa. Hata hivyo sitaki kuifanya Kastri iwe kitu isichokuwa. Watu wake hawakutupwa barabarani na kusahauliwa. Walilipwa hatimaye, kijiji kipya kikajengwa upande wa magharibi, umbali wa kutembea, mahali ambapo miamba haiwafikii kirahisi. Leo kinaitwa Delphi, na kinaishi kwa watalii. Wengi wa wanaume walipata kibarua kwenye uchimbaji wenyewe, yaani walilipwa kubomoa nyumba walizozaliwa. Ukitafuta mtu mbaya katika hadithi hii utahangaika. Ukitafuta mtu aliyeulizwa maoni yake kabla ya mambo kuamuliwa, utahangaika vilevile.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani tukisikia neno akiolojia. Sisi tunafikiria mtu amepiga magoti na brashi ndogo. Delphi ya 1893 ilifanana zaidi na mjengo wa barabara. Kulikuwa na injinia, Henri Convert, mtu wa barabara na madaraja. Kulikuwa na reli ndogo zilizotandazwa kwenye mteremko, na vigari vya chuma vilivyojaa udongo vikisukumwa hadi ukingoni na kumwagwa korongoni. Mamia ya wafanyakazi. Nyumba moja inanunuliwa, inabomolewa, mawe yenye maandishi yanatengwa, udongo unapakiwa, nyumba inayofuata.

Ardhi iliyokaliwa muda mrefu ni kama chapati kwenye hotpot. Iliyopikwa mwisho ndiyo iliyo juu. Ukiitaka ya chini kabisa lazima uziondoe zote zilizo juu yake, na ukishaziondoa huwezi kuzirudisha vile zilivyokuwa. Mwanaakiolojia wa leo angeandika kila tabaka kabla ya kuligusa: hapa jiko, hapa sakafu, hapa sarafu imeanguka. Homolle na wenzake walitaka Apollo. Kastri ilikuwa kizuizi, na mji wa Wakristo uliokuwa chini ya Kastri ulikuwa kizuizi cha pili. Sehemu kubwa ya karne zile ilipanda vigari ikaenda korongoni bila kuandikwa. Wafaransa wa vizazi vya baadaye wamerudi kuchunguza kilichosalia cha mji ule wa Wakristo, na kazi yao ni nzuri, lakini huwezi kuchimba tena kilichomwagwa. Tunapotazama Delphi ya leo na kuona ni ya kale tu, tukumbuke kuna watu waliochagua hivyo.

Na walipata, hilo lazima niliseme. Mwaka 1893 ikatokea nyumba ya hazina ya Waathens, imevunjika vipandevipande lakini karibu yote ipo, kiasi kwamba miaka michache baadaye, kati ya 1903 na 1906, waliweza kuijenga upya kwa pesa za mji wa Athens. Ndiyo ile unayoiona kwenye picha, kijumba cha marumaru kwenye kona ya barabara. Ukuta wake wa kusini ulikuwa na nyimbo mbili za kumsifu Apollo, na juu ya maneno palikuwa na alama za ajabu. Kumbe ni noti za muziki. Msomi Théodore Reinach akazisoma, na Juni 1894 wimbo mmoja ukaimbwa Paris, Gabriel Fauré akiwa ameutungia ala za kuusindikiza, kwenye mkutano ulioitishwa na Pierre de Coubertin kule Sorbonne. Waliohudhuria walisisimka, na mkutano ukaisha kwa azimio la kufufua michezo ya Olimpiki. Sisemi ni wimbo uliofanya uamuzi. Lakini ulikuwepo chumbani. Miaka 74 baadaye Kipchoge Keino alikuwa akiwaacha wenzake kwenye mita 1,500 Mexico, na napenda kufikiri kwamba mahali fulani mwanzoni mwa njia hiyo kuna ukuta uliochimbuliwa Delphi.

Mwaka 1896 akatokea mwendesha gari la farasi. Ni sanamu ya shaba, kijana wa urefu wa mita 1.8, kanzu ndefu imemwangukia hadi miguuni, kope zake za shaba bado zipo, macho yake bado yanaangalia. Aliwekwa na Polyzalos, mtawala wa Gela huko Sicily, kushukuru ushindi wa mbio za magari ya farasi katika miaka ya 470 KK. Sanamu nyingi za shaba za kale ziliyeyushwa kwa ajili ya chuma chake; huyu aliokolewa na balaa, manake tetemeko la mwaka 373 KK linadhaniwa ndilo lililomfukia. Watu wanamzungumzia yeye, na ni haki. Lakini pamoja naye vilipatikana vipande vingine: miguu ya farasi, mkia, na mkono mdogo wa mtoto. Sanamu kamili ilikuwa na mtoto mshika farasi. Katika zizi la tajiri wa Sicily mtoto wa kushika farasi angekuwa mtumwa, karibu bila shaka. Kimebaki kiganja na sehemu ya mkono, kwenye kabati la kioo karibu na miguu ya bingwa.

Hekalu lenyewe liliwavunja moyo. Walitarajia kuona ufa ardhini ulipotoka mvuke wa kumlewesha Pythia, kama waandishi wa kale walivyosimulia. Walikuta misingi, mawe yaliyotobolewa na watu waliotafuta vyuma na risasi vilivyoyafunga, na hakuna ufa. Mwaka 2001 watafiti waliandika kwamba nyufa za kijiolojia zinakutana chini ya hekalu na kwamba gesi ingeweza kupanda, na ubishi umeendelea tangu hapo. Mimi ubishi huo haunikoseshi usingizi. Pythia alikuwa mwanamke aliyesikilizwa na wafalme. Kama alinusa kitu au hakunusa, ni sawa tu.

Kuna picha moja ya 1894 ambayo kila anayeandika kuhusu Delphi huitumia, nami siwezi kuipita. Sanamu ya marumaru ya Antinous ndiyo kwanza imetoka ardhini. Imesimama wima, miguu bado imezama kwenye udongo, na wafanyakazi wameizunguka kama watu waliokuja kumsalimia mgeni. Antinous alikuwa kijana mpenzi wa mfalme Hadrian wa Roma, akazama mtoni Nile mwaka 130 BK, na Hadrian akamfanya mungu. Katika kila nakala niliyoiona, maelezo chini ya picha yanataja jina moja: la sanamu.

Sasa ule ukuta.

Mwaka 548 KK hekalu la Apollo liliungua. Wajenzi walipotaka kupanua uwanja wa kulijengea jipya, walihitaji kitu cha kuzuia mteremko usiteleze, wakajenga ukuta wenye urefu wa zaidi ya mita 80. Mawe yake hayana umbo la tofali. Kila moja limechongwa kwa mistari ya kujipinda lishikamane na jirani yake, kama vipande vya fumbo la kupanga, bila saruji. Matetemeko yameangusha hekalu lililo juu yake. Ukuta umesimama.

Kuanzia karibu mwaka 200 KK watu walianza kuchonga maandishi juu ya uso wake. Herufi ni ndogo, za sentimita moja hivi, mistari imebanana, mkataba mmoja chini ya mwingine. Hayo ndiyo Müller aliyokuwa akinakili juani. Ukijumlisha na yale yaliyochongwa kwingineko Delphi, yanataja zaidi ya watu 1,000 walioachwa huru kutoka utumwani kwa muda wa takriban miaka 300. Wengi wao ni wanawake.

Nilifika huko mara moja, kwa basi kutoka Athens, safari ya saa 3. Niliona kundi baada ya kundi likipita mbele ya ukuta ule bila kusimama, likikimbilia nguzo za hekalu juu. Siwalaumu. Kwa mbali maandishi yale hayaonekani; jiwe linaonekana tu kama lina ukurutu. Lazima usogee, na ukisogea sana mlinzi anapuliza filimbi. Nilipigiwa filimbi mara mbili.

Jinsi ilivyofanya kazi ni hivi. Mtumwa kisheria hakuweza kununua chochote, sembuse kujinunua, manake mnunuzi lazima awe mtu na yeye alihesabiwa mali. Basi wakatafuta ujanja. Mtumwa alikusanya pesa, Mungu anajua vipi: vibarua vya ziada, mkopo, ndugu. Pesa zikatolewa kwa bwana wake kwa jina la Apollo. Kwenye karatasi, au tuseme kwenye jiwe, bwana amemuuzia mungu mtumwa. Mungu amenunua, mungu hana haja ya mtumishi, mtumwa yuko huru. Mashahidi wanatajwa. Mdhamini anatajwa, ambaye akisikia yule mtu amekamatwa tena lazima ajitokeze. Halafu yote yanachongwa chini ya hekalu, mbele ya njia ya mahujaji, ili siku ikitokea mtu anasema huyu ni wangu, aliyeachwa huru awe na mahali pa kunyooshea kidole.

Lugha yake haina huruma. Maandishi hayasemi bwana fulani amemuuzia Apollo mwanamke. Yanasema amemuuzia mwili wa kike, kisha jina, kisha asili, kisha bei. Mwili wa kike, jina lake fulani, Msyria. Mwili wa kiume, jina lake fulani, Mthrace. Wengine hawana nchi. Wameandikwa kuwa ni waliozaliwa nyumbani, maana yake mama alikuwa mtumwa wa humohumo.

Mkataba mmoja umenikaa. Ni wa Kritodamos mwana wa Damokles, mtu wa Physkos, mji wa jirani upande wa Locris. Alimuuzia Apollo watu wawili: mwanamume aitwaye Maiphatas, Mgalatia, na mwanamke aitwaye Ammia, Mwiliria. Bei ya wote wawili ni mina 7 za fedha. Mina moja ni drakma 100. Fundi aliyechonga mawe ya mahekalu ya Athens mwishoni mwa karne ya 5 KK alilipwa drakma 1 kwa siku, na ijapokuwa bei zilipanda baadaye, hesabu hiyo inakupa picha: siku 700 za fundi, bila kula.

Galatia iko katikati ya nchi tunayoiita Uturuki leo. Iliria ni pwani ya bahari ya Adriatiki, kwa Waalbania na majirani zao. Wawili hawa walizaliwa mbali sana, mmoja mashariki na mwingine kaskazini-magharibi, wakakutana ndani ya nyumba ya mtu mmoja kwenye mji mdogo wa milimani. Jiwe haliwaiti mume na mke. Mtumwa hakuwa na ndoa ya kuandikwa. Lakini walinunuliwa uhuru pamoja, kwa bei moja, katika mkataba mmoja, na mimi nina maoni yangu.

Halafu linakuja sharti. Wagiriki waliliita paramone, kubaki kando. Maiphatas na Ammia watabaki na Kritodamos muda wote atakaokuwa hai, wakimfanyia kila atakachowaamuru. Wasipofanya, mauzo yamebatilika. Atakapokufa, watakuwa huru. Yaani wamelipa tayari. Pesa zimeshatoka. Lakini uhuru wenyewe umefungiwa ndani ya pumzi za mzee mmoja.

Si wao tu. Masharti ya paramone yamejaa ukutani, na yalizidi kuwa makali kadiri miaka ilivyosonga. Kuna mikataba inayompa bwana ruhusa ya kumpiga yule aliyekwisha kujinunua. Kuna inayodai mwanamke amwachie bwana mtoto atakayemzaa ili ashike nafasi yake. Kuna inayotaka aliyeachwa huru aende kuweka shada la maua kwenye kaburi la aliyemmiliki. Na kuna watu waliorudi baada ya miaka, wakalipa mara ya pili ili sharti liondolewe kabla bwana hajafa, na hilo nalo likachongwa. Ukizisoma nyingi kwa mpigo unaanza kutambua kazi ya wakili: kila pengo alilolipenya mtumwa mmoja linazibwa katika mkataba wa mwingine.

Hizo ndizo zilizokuwa chini ya nyumba za Kastri. Watu wa Siphnos walichonga miungu, Polyzalos akasimamisha farasi wa shaba, na chini yao wote, kwenye ukuta unaoshikilia uwanja usiteleze, watu waliojinunua waliandikwa kwa herufi za sentimita moja.

Mkataba wa Kritodamos unamaliza kwa mdhamini na mashahidi, kama kawaida. Hakuna jiwe lililopatikana linalosema alikufa lini. Katika maandishi yale bado yuko hai, na Maiphatas na Ammia bado wako nyumbani kwake.